Alisikia Kweli, Akaeleza Sivyo

Rafiki yangu mmoja, tuliyekutana mtandaoni kwenye kundi la wapenzi wa sauti, aliniandikia usiku wa manane kwa furaha ya mtu aliyepata mtoto. Alikuwa amenunua waya mpya wa spika. "Kaka, sauti imefunguka! Muziki umetoka ndani ya spika, umeenea ukuta hadi ukuta. Besi imekuwa nyepesi, haisongi tena. Mwimbaji hakai tena pale katikati, yuko kila mahali."

Nilimjibu kama tunavyojibu sisi tunaojiona tuna elimu ya mambo haya, yaani kwa hesabu. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, urefu wa mita 3, kwenda na kurudi, upinzani wake haufiki omu 0.05. Mbele ya spika ya omu 8, kinachopotea hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Hayo ya ukuta hadi ukuta yatoke wapi? Nikamalizia kwa maneno ambayo leo nayaonea haya: "Ni mawazo yako tu, ndugu yangu."

Waya huo nitaurudia. Kwanza niuseme ugomvi wenyewe, maana kila aliyepitia makundi haya anaujua. Mmoja anasema amplifaya fulani ina sauti "ya joto". Mwingine anadai grafu. Wa tatu anakumbusha kwamba amekaa studio miaka 20, wa nne kwamba ana shahada ya uhandisi wa umeme, wa tano kwamba amemiliki amplifaya 14 na shahada ya mtu haimtishi. Baada ya saa mbili hakuna anayeizungumzia amplifaya tena. Kinachogombewa ni nani ana haki ya kusema.

Na neno "mtaalamu" hapo limebebeshwa watu ambao kazi zao hazifanani kabisa. Mbunifu wa saketi anajua kwa nini transista inatoa kelele, lakini si lazima ajue jinsi ubongo unavyotambua sauti imetokea upande gani. Fundi wa studio ana masikio yaliyonolewa na kazi, ila yamenolewa kwenye chumba kimoja na spika zilezile, na nimewasikia baadhi yao wakisifia nyaya kwa imani inayowashinda hata wapenzi. Mwandishi wa tathmini amesikia vifaa vingi kuliko hao wote, lakini karibu vyote amevisikia akiviona na bei akiijua. Ukiuliza swali la usikivu ukajibiwa na mtu wa saketi, jibu ulilopata ni la mpenzi mwenye shahada.

Tunayo bahati kwamba kuna watu walioamua kulipima jambo hili badala ya kulibishania. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa kampuni ya Harman, waliwaketisha wafanyakazi 40 wa kampuni hiyo watoe alama kwa spika za aina nne, mara wakiziona, mara zikiwa nyuma ya pazia. Hawa hawakuwa watu wa kuokotwa barabarani. Spika ndizo zilizowalipa mshahara. Walipoziona, kubwa na za gharama zilipanda, na seti moja ndogo ya bei nafuu, yenye maboksi ya plastiki, ikaanguka. Pazia liliposhushwa, ile ndogo ilipanda na pengo likapungua. Kinachonigusa zaidi ni jambo jingine lililojitokeza humo. Spika ikihamishwa sehemu nyingine ya chumba, sauti yake hubadilika kweli, hasa besi. Nyuma ya pazia wasikilizaji waliyashika mabadiliko hayo. Walipokuwa wanaiona spika, hawakuyajali sana. Kwa hiyo macho yalifanya kazi mbili: yaliongeza yasiyokuwepo, na yakaficha yaliyokuwepo.

Mwaka 2003 Olive alichapisha matokeo mengine, safari hii ya wasikilizaji 268: waliofunzwa kusikiliza, wauzaji wa vifaa vya sauti, waandishi wa tathmini, watu wa masoko na wanafunzi wa chuo. Alipima kama mtu anaweza kutofautisha spika na kutoa alama ileile kwa spika ileile inapomrudia bila yeye kujua. Tukiwapa waliofunzwa 100, wauzaji walifika kama 35, waandishi wa tathmini kama 20, watu wa masoko 10, wanafunzi 4. Nilipozisoma namba hizi mara ya kwanza nilicheka, maana nilikuwa nimewahi kununua hedifoni kwa ushauri wa hao wa 20.

Ila ukiishia hapo utakuwa umeondoka na nusu ya habari. Mpangilio wa spika, ipi ya kwanza na ipi ya mwisho, ulikuwa karibu uleule kwa makundi yote. Mwanafunzi aliyepata 4 alikuwa anapapasa gizani, anabadilika kila raundi, lakini wanafunzi kwa ujumla wao walielekea kulekule walikoelekea mabingwa. Mafunzo yalimpa msikilizaji uthabiti, ladha yakaiacha ilipokuwa. Hivyo anayesema "wewe huna masikio ya kitaalamu, huwezi kujua kizuri" amekosea, na anayesema "nimesikia mara moja, najua" amekosea pia, kwa sababu tofauti kabisa.

Nami nina langu la kukiri. Nilikuwa narekebisha rekodi ya sauti ya mtu, nikatumia karibu robo saa kupunguza ukali kwenye kilohezi 3 kwa kile kichujio cha ekwalaiza. Nikapunguza kidogo, nikasikiliza, nikarudisha nusu. Ukali ulikuwa unayeyuka kabisa, hadi nikafika mahali sauti ikakaa vizuri. Nikaegemea kiti, nikatazama skrini, nikaona kichujio chote kimezimwa. Kitufe chake hakikuwa kimebonyezwa tangu mwanzo. Fundi yeyote wa sauti akiwa mkweli atakusimulia kisa kama hiki, na atakuambia pia kwamba alichosikia hakukibuni kwa makusudi. Nilisikia. Ubongo ulinipa nilichotarajia, ukanipa kikiwa safi kabisa.

Ndiyo maana simwiti mwongo mtu anayesema amesikia.

Watu wa analogi, wanaopenda sauti ambayo haijageuzwa kuwa namba za dijitali, walipata somo lao mwaka 2022. Kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani ilikuwa na heshima kubwa kwa santuri zake za bei, ambazo wanunuzi waliamini zinakatwa moja kwa moja kutoka kanda asilia za studio, bila dijitali kuingia kati. Kulikuwa na mpango wa toleo la nakala 40,000 la albamu moja ya Michael Jackson, na wenye kujua hesabu za kanda wakaanza kujiuliza: mwenye kanda asilia ataruhusu vipi ipitishwe kwenye mashine mara nyingi hivyo? Mwenye duka la santuri huko Phoenix akalitamka hadharani kwenye video, kisha wahandisi wa kampuni wakamthibitishia mbele ya kamera. Hatua ya dijitali ilikuwepo, na kwa sehemu kubwa ya matoleo ilikuwepo tangu 2011. Kwa zaidi ya miaka kumi, watu waliosema dijitali wanaitambua kwa dakika moja walikuwa wanazisifia santuri hizo kama kilele cha analogi. Waandishi wa tathmini nao walikuwemo.

Watu wa vipimo walisherehekea, na mimi nilisherehekea nao. Halafu nikakaa nikawaza. Aliyeitoa siri alikuwa muuza santuri, si mhandisi wala mtafiti. Wahandisi waliokuwa wanajua walikaa kimya.

Na kukosea kwa wataalamu nako kuna historia ndefu. Amplifaya za transista zilipoanza kuchukua nafasi ya zile za valvu, yaani taa za kioo za zamani, takwimu zake za upotoshaji wa sauti zilikuwa nzuri sana kwenye karatasi. Wasikilizaji wengi wakalalamika kwamba zinakwaruza masikio. Wakaambiwa wamezoea makosa ya valvu. Baadaye ikaeleweka kwamba kipimo kilichotumika, mlio mmoja usiobadilika kwa nguvu kubwa, kilikuwa hakigusi palipouma. Zilikuwepo saketi zilizopotosha sauti hasa pale nusu ya juu na nusu ya chini ya wimbi zinapokabidhiana zamu, kosa linalosikika zaidi muziki ukiwa wa chini. Zilikuwepo pia zilizoshindwa kufuata sauti inayoruka kwa kasi, jambo ambalo Matti Otala wa Finland aliliandikia mwaka 1970. Mlalamikaji hakujua neno hata moja la hayo. Alijua tu kwamba akiwasha, baada ya nusu saa anataka kuzima. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye ndiye aliyekilalia.

Chukua pia vita vya sauti kubwa. Kwa miaka mingi studio zilizidi kubana muziki ili kila wimbo usikike na nguvu kuliko uliotangulia, mpaka pumzi kati ya kimya na kishindo ikaisha. Ngoma ikilia sana hupasuka, na ilipasuka 2008, bendi ya roki ya Metallica ilipotoa albamu ya *Death Magnetic*. Nyimbo zilezile zilikuwa zimetolewa pia kwa ajili ya mchezo wa video wa *Guitar Hero*, bila kubanwa kiasi kile. Mashabiki wakaziweka mbili hizo sambamba kwenye skrini. Ya CD ilionekana kama tofali, ya mchezo ilikuwa na vilele na mabonde. Wakatia saini kwa maelfu kudai albamu irudiwe. Fundi aliyeifanyia kazi ya mwisho alikiri kwamba nyimbo zilimfikia zikiwa zimeshabanwa hivyo. Katika ugomvi huo kipimo kilikuwa mikononi mwa wapenzi, na waliosema "ndivyo tunavyotaka isikike" walikuwa ni wataalamu.

Kwa hiyo mstari kati ya mtaalamu na mpenzi, ukiukaribia, hauonekani vizuri. Hata jaribio la ABX, la kusikia A na B kisha kutaja X iliyofichwa ni ipi kati ya hizo, ambalo watu wa vipimo hulitumia kama rungu la kuwanyamazishia wapenzi, lilikuzwa na wapenzi. Mbinu ya msingi ilitoka maabara ya Bell Labs ya Marekani mwaka 1950, lakini kifaa cha kubadilisha amplifaya mbili bila msikilizaji wala msimamizi kujua ipi inacheza kilitokana na klabu ya wapenzi wa sauti huko Michigan, watu waliojipa jina la utani la Southeastern Michigan Woofer and Tweeter Marching Society, na David Clark akakielezea kwenye jarida la wahandisi mwaka 1982. Mtu akiniambia ABX ni silaha ya maprofesa dhidi ya walei, humtajia jina hilo taratibu, nikimtazama usoni.

Halafu kuna yule aliyejiita NwAvGuy. Mwaka 2011 alijitokeza bila jina wala sura, akachapisha mpango kamili wa amplifaya ya hedifoni, Objective2, pamoja na vipimo vyake vyote, akaruhusu watu waijenge. Aliwachokoza watengenezaji kwa lugha kali. Mwaka 2012 akanyamaza, na hajarudi. Alikuwa mhandisi? Alionekana kuwa hivyo. Lakini hakuna aliyelazimika kukiamini cheti chake, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa mezani, kila mwenye mashine angeweza kuipima. Kwangu huo ndio utaalamu mtandaoni unavyopaswa kujitambulisha, ukiondoa matusi.

Sasa niwageukie wenzangu wa upande wa vipimo, maana tumezalisha ushabiki wetu wenyewe. Siku hizi vifaa vinapangwa kwa namba moja, inayoonyesha sauti imezidi kelele na upotoshaji kwa desibeli ngapi. Kifaa chenye 100 kina uchafu wa asilimia 0.001. Chenye 120 kina asilimia 0.0001. Kijana anauza cha kwanza kwa hasara ili anunue cha pili, na tunampongeza, tukijua kwamba spika atakayoiunganisha hupotosha besi nzito kwa asilimia nzima nzima, tena imesimama kwenye kona ya chumba kitupu kinachopandisha noti moja ya besi na kuimeza nyingine. Huyo naye ananunua kwa macho. Tofauti ni kwamba macho yake yako kwenye jedwali badala ya boksi la mbao lililong'arishwa.

Hata tafiti tunazinukuu kwa kuchagua. Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran walichapisha jaribio walilofanya na wenzao wa Boston Audio Society. Walilinganisha rekodi za ubora wa juu na sauti hiyohiyo ikipitishwa kwenye kiwango cha CD, kilohezi 44.1 na biti 16. Majibu sahihi yalikuwa 276 kati ya 554, sawa na kurusha shilingi. Upande wetu uliishika namba hiyo kama msahafu. Mwaka 2016 mtafiti Joshua Reiss wa London alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,500, akapata asilimia 52.3, tofauti ndogo lakini iliyopo, na iliyokua kwa waliofunzwa. Wa upande wa pili wakaishika hiyo. Wachache sana walisema neno ambalo namba zote mbili zinalisema kwa pamoja: kama kuna kitu, ni kidogo kiasi kwamba mtu anayedai kakisikia kutoka chumba cha pili anastahili kuulizwa maswali.

Maswali yenyewe si ya cheo. Mtu akileta maoni juu ya kifaa, mimi humuuliza alikisikia vipi. Aliona kipi kinacheza? Kati ya kimoja na kingine zilipita sekunde ngapi? Alisawazisha ukubwa wa sauti? Hili la mwisho ndilo linaloua ushahidi mwingi kuliko yote, kwa sababu kifaa kilichozidi kwa nusu desibeli hakisikiki kama kimepandishwa sauti, kinasikika kama kina uhai na undani zaidi. Kusawazisha si kazi ya maabara. Cheza mlio wa jaribio, gusa vituo vya spika kwa maltimita, soma volti, badilisha amplifaya, rekebisha mpaka namba mbili zitofautiane kwa asilimia moja hivi, hapo uko ndani ya desibeli 0.1. Kisha mtu mwingine abadilishe bila wewe kujua, mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, nitakusikiliza kwa adabu, maana kubahatisha tu hukufikisha huko chini ya mara nne katika mia. Ukipatia tisa, tuendelee kunywa chai.

Najua karibu hakuna atakayefanya hivyo. Ni kazi inayochosha, na muziki haukununuliwa kwa ajili ya mitihani. Mimi mwenyewe nimefanya mara tatu tu maishani, na mara mbili nilishindwa. Pia kuna pesa. Mwamba ngoma huvutia kwake, na anayepewa kifaa bure akitathmini, au anayepata kamisheni kwa kila anayebofya, haachi kuvuta ngozi hata kama hajui kwamba anavuta. Lakini hata mpenzi asiyelipwa na mtu huvuta kwake, kwa kuwa alitoa fedha yake mwenyewe na hataki kusikia kwamba aliitupa.

Zaidi ya hayo, nimejifunza kuyatenganisha mambo mawili ndani ya sentensi moja. "Sauti imebadilika" ni ushahidi, na mpenzi ana haki nao kuliko mtu yeyote, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa chumbani. "Imebadilishwa na waya" ni uchunguzi, na hapo ndipo mtaalamu anapohitajika. Mgonjwa hujua panapouma, wala hatumwambii haumwi kwa sababu amekosea jina la ugonjwa. Mabishano mengi ninayoyaona huenda kombo hapohapo: mpenzi anashikilia sababu kana kwamba nayo aliisikia, na mtaalamu, akishaivunja sababu, anadhani amevunja na ushahidi.

Nilifanya hivyo mimi kwa rafiki yangu wa waya. Miezi miwili baadaye nilifika kwake. Akaniketisha kwenye kiti chake, akaweka wimbo wa mwanamke na gitaa moja. Ndani ya dakika moja nilijua kwamba hakuwa amejitungia. Sauti ilikuwa pana kwelikweli, imetawanyika hadi nje ya spika, na mwimbaji hakuwa na mahali pa kusimama. Besi haikuwa nyepesi, haikuwepo. Nikainuka, nikazunguka nyuma ya spika ya kushoto. Alipofunga waya mpya, mwekundu ulikuwa umeingia kwenye kituo cheusi na mweusi kwenye chekundu. Spika moja ilikuwa inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta.

Sikusema kitu. Nilizima amplifaya, nikazigeuza nyaya, nikawasha. Gitaa likapata mwili, mwanamke akasogea akasimama katikati, palepale kati ya spika mbili. Rafiki yangu alisikiliza wimbo mzima bila kutikisika.

"Kaka, hii ndiyo sahihi, nimekuelewa," alisema mwishowe. "Lakini ile ilikuwa pana."

Nilipokuwa navaa viatu nikageuka kumuaga. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya spika ya kushoto, tochi mdomoni.